Zuio la Muda: Maombi Yanaangukia Wapi

Ndugu mawakili, na ninyi vijana mlio mafunzoni, leo tutakaa kwenye jambo moja: zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha jambo kwa kipindi wakati mgogoro ukisubiri kuamuliwa. Nafuu hii chimbuko lake ni kanuni za haki na usawa, ambazo Tanzania ilizipokea kutoka Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kifungu cha 2(3) cha Sura ya 358, sheria inayohusu mahakama na matumizi ya sheria. Ndiyo maana hata mwenye hati miliki mkononi hapewi zuio kwa kuonyesha hati tu. Mahakama ina hiari, na hiari hiyo ina vigezo.

Vigezo vyenyewe mmevikariri tangu chuoni, kutoka Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969. Kuwe na hoja nzito ya kuamuliwa na dalili ya kushinda. Bila zuio, mwombaji apate madhara yasiyofidika. Na taabu yake akinyimwa iwe kubwa kuliko ya mwenzake endapo zuio litatolewa. Kwetu vyote vitatu lazima vithibitike. Kimoja kikikosekana, maombi yameanguka. Wakenya, kwa Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, hicho kigezo cha tatu, mizani ya taabu, hukigeukia pale tu mahakama inapokuwa na shaka. Anayenakili hoja za Nairobi kuzileta Dar es Salaam aangalie sana hapo.

Maombi mengi hufia kwenye kigezo cha pili, na kinachoyaua ni kiapo cha mwombaji mwenyewe, yaani maelezo yake ya maandishi aliyoyaapia. Chukua mkopaji ambaye nyumba yake inakwenda mnadani. Aya ya 9 ya kiapo chake: "Nisipopewa zuio nitapata hasara isiyofidika." Basi, imeishia hapo. Hilo ni hitimisho lisilo na ushahidi wowote ndani yake. Aya ya 10, kwa nia ya kuonyesha ukubwa wa hasara, inataja kwamba nyumba ina thamani ya shilingi milioni 180, na ripoti ya mthamini imeambatishwa. Wakili wa benki atasimama, asome aya ya 10 kwa sauti, aseme kitu chenye bei hufidiwa kwa fedha na mteja wake anao uwezo wa kulipa. Kazi yake imekwisha.

Kiapo kinachosimama hueleza kile ambacho fedha hairudishi: makaburi ya ukoo yaliyomo shambani, biashara ambayo wateja wake wakitawanyika hawakusanyiki tena, au kwamba mjibu maombi hana mali ya kulipia hukumu ikija. Na hayo yawe ndani ya kiapo. Maneno ya wakili akiwa amesimama mbele ya jaji si ushahidi.

Halafu kuna mikono safi: anayeomba haki awe mwenyewe ametenda kwa haki. Mkopaji yule yule alipokea notisi ya siku 60 chini ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi. Dalali naye akatangaza mnada, siku 14 kwa uchache. Muda wote huo kanyamaza, anakuja na hati ya dharura, ya kuomba asikilizwe haraka, mnada ukiwa keshokutwa. Dharura hiyo kaitengeneza mwenyewe, na upande wa pili utaisema. Mbaya zaidi ni kuificha notisi kwenye maombi ya upande mmoja. Mwenzako hayupo kujitetea, kwa hiyo una wajibu wa kueleza yote, hata yanayokuumiza. Ukificha, amri inatenguliwa, na kiapo chako kijacho kitasomwa kwa mashaka. Mshauri mteja akiri deni analolijua, na ajitolee kuweka mahakamani kiasi kisichobishaniwa. Anayetaka kutendewa haki naye atende haki. Na mnada ukishafanyika, hakuna cha kuzuia. Hapo tafuta nafuu nyingine.

Sasa lile linalowachanganya wengi. Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuomba zuio, inataka kesi iwe imeshafunguliwa, lakini ukiidai Serikali unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Ndani ya siku hizo nyumba inaweza kubomolewa. Hapo ndipo lilipo zuio la Mareva, linaloombwa kupitia kile kifungu cha 2(3). Jina linatoka kwenye kesi ya Uingereza ya mwaka 1975, ambako lengo lilikuwa mdaiwa asihamishe mali zake. Kwetu limekuwa njia ya kulinda hali ilivyo hadi kesi ifunguliwe. Ambatisha notisi yenyewe yenye muhuri wa mapokezi. Bila hiyo, huna cha kuonyesha kwamba sheria inakuzuia kufungua kesi sasa hivi. Na kama mdaiwa ni mtu binafsi usiyehitaji kumpa notisi hiyo, usije na Mareva: fungua kesi leo, uombe chini ya Amri ya 37.

Mwisho ni muda. Kanuni ya 3 ya Amri ya 37 inaweka ukomo wa miezi 6, na nyongeza zote zikijumlishwa isizidi mwaka 1, tena kwa anayeonyesha kwamba amekuwa akiisukuma kesi. Tarehe ya kuisha iandikwe kwenye shajara ya ofisi siku ile ile amri inapotoka, na maombi ya nyongeza yaingie mapema, kwa sababu muda ukishapita hakuna amri ya kurefusha.