Chombo Kikipinduka, Hiki Kitakuwa Wapi? Mhadhara Kuhusu Kufunga Mizigo ya Kayaki

Hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kufika. Kupiga kafi mtajifunza majini. Leo tuzungumzie zile saa mbili kabla ya kushuka, kwa sababu makosa mengi hufanyika miguu ingali mchangani.

Tuchukue safari moja: watu sita, kayaki sita, kutoka mji wa Lamu kuelekea kisiwa cha Pate kwa kupitia Mkanda, mlango ule mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na kulala nje usiku mmoja. Mkanda hupitika maji yakijaa. Yakipwa, mnakalia tope katikati ya mikoko na kungoja kwa saa kadhaa juani. Kwa hiyo ratiba huanza na jedwali la maji. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo saa ya juzi haifai leo. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, huleta kina kizuri lakini mkondo wake ni mkali. Maji mafu, yale madogo ya katikati, ni mapole, ila kina ni haba hata yakijaa. Kundi lenye wageni lihesabiwe kilomita 4 kwa saa, na mwendo ni wa yule wa mwisho. Kusi, upepo wa kusini, likivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, safari hii si ya wanaoanza, subirini maleleji, kipindi cha upepo mpole.

Sasa mizigo. Kila kitu unachokishika, kiulize: chombo kikipinduka, hiki kitakuwa wapi?

Vya kuokoa maisha hukaa mwilini: kipenga, kisu kifupi, na simu au redio ndani ya mfuko wake, mfukoni mwa jaketi okozi. Ukitengana na kayaki, upepo huisukuma haraka kuliko unavyoogelea, na simu iliyo ndani yake imekwenda nayo. Jaketi lenyewe lifunge, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni, limelegea; kaza mikanda ya ubavuni kwanza, ya mabegani baadaye. Majaketi mengi ya kayaki yana nguvu ya kueleza ya nyutoni 50: yanamsaidia anayejimudu, lakini hayamgeuzi uso juu aliyezimia. Ndiyo maana kundi halitawanyiki.

Sitahani, yaani juu ya chombo, weka kafi la akiba, pampu au upo wa kukumbia maji, na chupa ya kunywa, vyote vimefungwa kwa kamba. Basi. Rundo la masanduku sitahani hushika upepo, hukifanya chombo kiyumbe, na humzuia mtu kupanda tena kutoka majini. Hapo sina mjadala na mtu.

Vinginevyo huingia ndani. Mifuko midogo ya lita 8 hadi 13 ni bora kuliko mmoja mkubwa, kwani tundu la kuingizia mizigo katika kayaki nyingi ni duara la upana wa kama sentimita 24. Ujaze robo tatu tu, ukandamize kwa goti hewa itoke, pangusa mchanga mdomoni, linganisha kingo, kunja mara tatu, ndipo ubane kifungo. Mkunjo mmoja hupitisha maji. Chembe chache za mchanga hupitisha maji. Nguo za kulalia zipate mfuko wa plastiki wa ziada ndani.

Maji ya kunywa ndiyo uzito mkubwa: lita 5 kwa mtu kwa siku kwa joto letu, yaani kilo 10 kila mmoja kwa siku mbili. Yatieni katika vidumu vidogo, vilale sakafuni, karibu na kiti, kulia sawa na kushoto. Mabaharia wa majahazi wanaijua hii. Ni farumi tu, uzito wa chini wa kutuliza chombo. Vitu vyepesi viende omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma. Omo ikiwa nzito huzama kwenye wimbi, na upepo wa ubavuni huzidi kukigeuza chombo kielekee unakotoka. Tezi ikizidi sana, omo hupeperushwa kuelekea upepo unakokwenda. Nafasi inayobaki ijazeni vidumu vitupu vilivyofungwa vizuri: kifuniko cha tundu kikivuja, nafasi ya lita 60 hubeba kilo 60 za maji.

Vitu vya pamoja visikae chombo kimoja. Simu mbili, kayaki mbili. Dawa kwa mmoja, utepe wa kuzibia na vizibo vya akiba kwa mwingine, kamba ya kuvutia ya mita 15 kwa kiongozi na nyingine kwa anayefunga msafara. Utepe haushiki plastiki yenye unyevu: kausha kwanza. Chumvi za kurudisha maji mwilini, soma pakiti. Zipo za kuchanganywa na nusu lita ya maji na za lita moja.

Mtu wa nchi kavu aachiwe karatasi yenye idadi yenu, rangi za kayaki, njia, saa ya kurudi, na saa ya kupiga ripoti msipoonekana. Saa hiyo ya pili husahaulika sana.

Asubuhi, viacheni vyombo vielee kwenye maji ya magotini na mtazame kutoka kando: vimelala upande? Pangeni upya. Povu jeupe likionekana nje ya kinga ya kisiwa, mizigo inateremshwa. Anayeamua ni kiongozi aliyetajwa jana usiku; ufukweni hakuna kura.

Haya, leteni mifuko yenu tuikunje.