Mkojo wa rangi ya chungwa: mhadhara kwa wahudumu wa afya ya jamii, Mathare

Ndugu zangu, wazee wetu, hamjambo.

Kuna mama alikuja kwangu amekata dawa za TB siku tatu. Mkojo ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa, akadhani ni damu. Alikopewa dawa hakuna aliyemwambia. Nilisikitika sana, maana rangi ile ni ya rifampisini, nguzo ya matibabu yenyewe.

Rifampisini asili yake ni bakteria. Mwaka 1957 watafiti wa kampuni ya Lepetit, Milan, walipima udongo uliotoka pwani ya kusini mwa Ufaransa, wakakuta humo bakteria anayetoa kemikali ya kuua bakteria wenzake. Wakaifanyia kazi miaka kadhaa mpaka ikawa dawa ya kumeza. Hiyo ndiyo maana ya antibiotiki: silaha ya kijidudu dhidi ya kijidudu. Rifampisini humzuia bakteria wa TB kunakili maagizo ya jeni zake, na asiponakili hatengenezi protini, hufa.

Kabla yake kulikuwa na streptomisini, nayo ya bakteria wa udongoni, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943. Hapa nisikilizeni vizuri. Uingereza, utafiti uliochapishwa 1948: wagonjwa wa TB waliochomwa sindano za streptomisini walikuwa 55, wakafa 4 ndani ya miezi sita. Waliolazwa tu bila sindano walikuwa 52, wakafa 14. Furaha kubwa! Lakini baada ya miaka mitano pengo hilo lilikuwa karibu limefutika. Dawa ilikuwa moja, peke yake. Ikaua bakteria dhaifu, ikawaachia uwanja wale sugu wachache, wakazaana. Ndiyo sababu leo miezi miwili ya kwanza mgonjwa hupewa dawa nne pamoja.

Na hiyo miezi sita ya matibabu watu wanayoilalamikia? Zamani ilikuwa mwaka na zaidi. Utafiti uliofanyika hapa Afrika Mashariki, matokeo yakatoka 1972, ndio ulioonyesha kuwa miezi sita yaweza kutosha. Ni wagonjwa wetu waliotupatia jibu hilo, na dunia nzima inalitumia.

Basi kesho mkibisha hodi, mwambieni mgonjwa mapema: mkojo, jasho, hata machozi yatabadilika rangi. Na mama anayemeza vidonge vya kupanga uzazi mpelekeni kliniki apewe njia nyingine, kwa kuwa rifampisini huvipunguzia nguvu.