Mpe Mgonjwa Sanamu ya Uti wa Mgongo Aishike

Mhadhara kwa wahudumu wa afya, Busia, Uganda

Wenzangu, habari za asubuhi. Walioko nyuma mnanisikia? Haya. Sanamu hii ya plastiki naianzishia upande huu. Ishike, ikunje, kisha mpitishie jirani yako. Mimi nitaendelea kuzungumza.

Hapa mpakani wagonjwa wetu wa kiuno ni wapakizi wa malori, waendesha boda boda na akina mama wanaobeba magunia ya mahindi. Wengi huja wameshaambiwa kwamba diski, kile kimto kilicho kati ya pingili na pingili za mgongo, imetoka mahali pake. Ukimweleza kwa maneno matupu atakuitikia kwa heshima, "Ndiyo, daktari," kisha arudi nyumbani na hofu ile ile.

Sasa tazameni pingili tano za kiunoni. Majeraha mengi ya diski za eneo hili hutokea kwenye mbili za chini kabisa: ile iliyo kati ya pingili ya 4 na ya 5, na ile iliyo chini ya ya 5. Mwambie mgonjwa afuate kwa kidole chake mwenyewe neva zinazochomoza hapo. Ataelewa kwa nini unyayo unawaka moto ilhali hitilafu iko kiunoni.

Nina ugomvi na watengenezaji, lakini. Wanapaka rangi nyekundu kwenye diski iliyojitokeza, na plastiki hiyo haiponi hata siku moja. Mgonjwa akiiona tu, anaanza kutembea kama amemeza mti, anaogopa hata kuinama afunge kamba za viatu. Mwonyesheni kwamba diski imeshikamana na pingili ya juu na ya chini, haichomoki ikazurura. Ganda lake ni matabaka ya nyuzi zilizopishana. Linapochanika, ute wa katikati hujipenyeza na kubana neva, au kuichokoza tu.

Kisha mwambieni kile ambacho sanamu haiwezi kukionyesha: chembe za kinga za mwili huja zikamung'unya ute ule. Mara nyingi kipande kikubwa kilichotoka nje ya ganda ndicho kinachonywea zaidi. Wengi hupata nafuu katika wiki 6 hadi 12 bila kisu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulijumlisha picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo; diski zilizofura zilionekana kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20, na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, peke yake isimtie mtu kitandani.

Mimi huanza na diski nzima. Mgonjwa anaikunja mbele, nyuma, kando. Halafu tunaangalia ile mbovu, kwa muda mfupi, naiweka chini, naye anasimama ainame kidogo kadiri anavyoweza. Hapo ndipo somo linapoingia.

Lakini kuna wasiofaa kusubiri somo. Mwenye ganzi sehemu za siri, aliyezuiwa mkojo, au ambaye miguu yote miwili inalegea, aende hospitali leo leo, si kesho. Na mwenye homa, jasho la usiku, aliyekonda au anayeota kibyongo, mfikirieni TB ya uti wa mgongo. Ugonjwa huo tunao hapa Uganda, kwa hiyo ulizeni maswali hayo kabla sanamu haijatoka kabatini.