Ngozi ya Sangara na Mkasi wa Presha

Wazee wangu shikamooni, vijana habari za mchana. Mwenyekiti kanipa nusu saa, na mimi najijua nikishika kipaza sauti, kwa hiyo naanza na hiki kichupa.

Kipitisheni. Fungueni, nuseni. Mwenye moyo achovye ncha ya kidole aonje. (Kicheko.) Haya, mama wa pale mbele ameshakunja uso. Uchungu huo mama, ndio peptidi zenyewe, yaani vipande vifupi vya protini. Chumvi uliyoisikia nyuma yake ina kisa chake, nitakifikia.

Unga huu ulikuwa ngozi ya sangara. Hapa Mwanza sina haja ya kumweleza mtu samaki huyu anavyogawanywa. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwake, linatunzwa kama mahari, linamsubiri mnunuzi wa China. Panki, mifupa iliyobaki na kichwa chake, linaingia kwenye karai mtaani. Ukiweka yote kwenye mizani, minofu haifiki nusu ya samaki. Ngozi ndiyo haina mwenyewe, na mimi ndiyo niliyoifuata.

Sasa presha, maana unga wa aina hii unauzwa kwa sifa ya kuishusha. Fikirieni protini kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Figo zikihisi damu inapita kwa unyonge, zinatoa kitu kinaitwa renini. Renini inakata protini ndefu inayotengenezwa na ini, kinapatikana kipande cha shanga kumi. Kipande hicho ni mpole, hakina la kufanya. Lakini kikipita kwenye mapafu kinakutana na mkasi wa pili, kimeng'enya ambacho madaktari wanakitaja kwa herufi tatu, ACE. Huo unaondoa shanga mbili za mwisho. Zinabaki nane, na hizo nane ni kali: zinabana mishipa, zinaamrisha mwili uzuie chumvi na maji. Presha inapanda.

Kwa hiyo ukipata kitu cha kukwama kwenye meno ya mkasi ule, umepata dawa. Kitu cha kwanza kilitoka kwa nyoka. Kule Brazil yuko nyoka aitwaye jararaca, na sumu yake inaporomosha presha. Mwaka 1965 Sérgio Ferreira alieleza vitu vilivyomo ndani ya sumu ile, vikaja kujulikana kuwa ni peptidi, nyuzi fupi za shanga, na kwamba zinaukwamisha mkasi. Mojawapo, ya shanga tisa, ilipewa wagonjwa na presha ikashuka. Ila kwa sindano tu. Ukiimeza, tumbo nalo lina mikasi yake, linaikatakata kama linavyokata maharage. Ndipo Cushman na Ondetti, wa kampuni ya Squibb kule Marekani, wakaunda molekuli ndogo ya kuiga ile ncha inayokwama, ndogo kiasi kwamba tumbo halipati pa kukata. Hiyo ndiyo captopril, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Wengine humu mnaijua kwa kikohozi chake kikavu.

Nimekaa kwa nyoka makusudi, maana kila anayewauzia unga wa kushusha presha anaruka sehemu ya tumbo.

Wajapani hawakuiruka. Mwaka 1979 walionyesha kwamba jelatini ikikatwa kwa kimeng'enya inatoa vipande vinavyoukwamisha mkasi wa ACE. Mwaka 1995 wakatoa habari za maziwa yaliyochachushwa, wakiwa wamepata ndani yake peptidi mbili za shanga tatu tatu, kila moja ikimalizika kwa prolini mbili. Prolini ni shanga iliyopinda, mikasi ya tumbo inahangaika nayo, hivyo peptidi hizo zina nafasi ya kupita salama. Na ngozi ya samaki ni nini? Ni kolajeni, ile protini ambayo ikichemshwa inakuwa jelatini, na kolajeni imejaa prolini. Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka mlangoni mwa kiwanda na ndoo.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Unasafisha ngozi, unachemsha, unaacha ipoe hadi vuguvugu, unatia kimeng'enya. Kadiri kinavyokata, maji yanakuwa na asidi, na kimeng'enya hakipendi, kwa hiyo unadondoshea kostiki soda kidogo kidogo. Mwisho unapasha moto kukiua, halafu unasawazisha kwa asidi. Safari ya kwanza nilikausha, nikaonja, nikacheka peke yangu maabara: kostiki soda na asidi ya haidrokloriki zikikutana zinazaa chumvi ya mezani. Nilikuwa nimetengeneza dawa ya presha yenye chumvi kama kayabo! Lazima unga uchujwe chumvi kwa mtambo wa utando laini, na mtambo huo ndio unaokula pesa. Kichupa kinachozunguka hapo hakijachujwa, nimekileta hivyo ili mwonje wenyewe.

Je, inafanya kazi? Kwenye mrija wa maabara, ndiyo, ingawa zile peptidi mbili za maziwa, ambazo ni kati ya zilizo bora, zinazidiwa na captopril kwa mamia ya mara. Kwa panya, ndiyo. Wapo panya maalumu wa presha, ukoo ulioanzishwa Kyoto mwaka 1963, na hao ukiwapa karibu peptidi yoyote nzuri presha inashuka. Nina mashaka na panya wanaokubali kila kitu.

Kwa binadamu habari imegawanyika. Majaribio mengi ya Japani kwa yale maziwa yaliona presha ikishuka. Mwaka 2008 Waholanzi wakachukua watu 135, wakawapa peptidi hizo kwa wiki 8, hawakuona kitu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipoombwa ikubali maneno ya kuandikwa kwenye chupa, ikajibu kwamba uhusiano haujathibitishwa.

Kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi. Waafrika wengi wenye presha wana renini kidogo. Kama renini ni kidogo, ule mkasi wa ACE hauna kingi cha kukata, na kuukwamisha hakusaidii sana. Utafiti wa CREOLE uliotoka mwaka 2019, wenye wagonjwa 728 kutoka nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda, ulilinganisha dawa mbili mbili. Jozi zenye amlodipini, dawa inayolegeza mishipa bila kuugusa mkasi wa ACE, zilishinda ile ya dawa ya kukwamisha ACE pamoja na dawa ya kukojoza. Sasa kama kidonge kizima hakitambi kwetu kikikosa amlodipini, unga wangu wa ngozi utambe kwa lipi?

Bado naupenda. Ni protini, na jelatini ya sangara inaganda vizuri kwa kuwa ni samaki wa maji ya joto. Ningependa kuona ngozi inalipa mishahara hapa hapa Mwanza. Ila atakayeweka neno presha kwenye pakiti, mimi simo.

Maswali. Ndiyo, dada wa kitenge cha kijani.

"Mwalimu, mimi nachemsha mapanki. Supu ikilala mpaka asubuhi inaganda kama jeli. Si ndiyo hiyo hiyo?"

Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Ile inayoganda ni jelatini kweli, lakini nyuzi zake bado ni ndefu. Zikishakatika fupi kama za kichupa hiki, haigandi tena. Tumbo litaikata, ila kwa namna yake, si kwa namna niliyochagua mimi. Supu yako nzuri, uza. Unatia vijiko vingapi vya chumvi kwenye sufuria?

"Vitatu. Na vile vidonge vya supu."

Tuanzie kwenye vidonge vya supu, dada.