Watazama Ndege

MWANAIDI: Haya, tumerudi. Mimi Mwanaidi, na mbele yangu hapa ni kaka Deo, ambaye leo amekuja na karatasi. Deo na karatasi! Nyie wa siku nyingi mnajua maana yake.

DEO: Maana yake nimejiandaa. Mafunzo matatu, nimeyapa na namba. Mada ni watu wa dini waliopinga vita kwa kuvunja sheria bila kumpiga mtu. Funzo la kwanza...

MWANAIDI: Weka karatasi chini kwanza. Waambie ya Jumapili.

DEO: Yale nilikuambia kama dada yangu, si kama mtangazaji.

MWANAIDI: Waambie.

DEO: Haya. Jumapili niko kwenye ibada. Karibu na mwisho kiongozi akasema tusimame tuombee ushindi. Si amani, si majeruhi, si kina mama wanaosubiri simu. Ushindi. Sasa mimi wiki nzima nilikuwa nasoma habari za hawa watu kwa ajili ya kipindi. Miguu ikakataa. Nikabaki nimekaa.

MWANAIDI: Peke yako?

DEO: Ndio utamu wenyewe. Watu wote wamesimama, naona migongo tu. Kumbe pembeni yangu kuna bibi mmoja naye amekaa, katulia, mikono juu ya mkoba. Nikafurahi, nikasema kimoyomoyo, alaa, tuko wawili! Nikamwinamia nikamnong'oneza, "Asante, bibi." Akanijibu, "Magoti, mwanangu."

MWANAIDI: (anacheka) Magoti! Mimi nimelisikia hili mara tatu na bado...

DEO: Sala ikaisha, watu wakakaa. Mzee mmoja wa safu ya mbele akageuka akanitazama. Hakusema neno. Alinitazama tu, kuanzia kichwani hadi viatuni. Wimbo wa mwisho ulipoanza, nikatoka.

MWANAIDI: Kwa mlango upi?

DEO: Mwanaidi.

MWANAIDI: Upi, kaka?

DEO: Wa nyuma.

MWANAIDI: Asante. Sasa soma karatasi yako.

DEO: Sitaki tena. (anacheka) Hapana, nasoma. Tarehe 17 Mei 1968, mji mdogo wa Catonsville, jimbo la Maryland, Marekani. Vita vya Vietnam vimepamba moto na vijana wanaandikishwa jeshini kwa lazima. Wakatoliki tisa, wanaume saba na wanawake wawili, wanaingia kwenye ofisi ya uandikishaji mchana kweupe. Wawili kati yao ni mapadre wa tumbo moja, Daniel Berrigan na mdogo wake Philip. Wanachukua majalada 378, kila moja lina kijana wake ndani, anayeweza kuitwa wakati wowote. Karani anajaribu kuwazuia, hawezi. Wanayashusha hadi uwanja wa kuegesha magari na kuyachoma kwa napalmu, ile petroli nzito ya mabomu ya moto, waliyoitengeneza wenyewe.

MWANAIDI: Napalmu makusudi.

DEO: Makusudi kabisa. Moto uleule uliokuwa ukiangukia watoto wa Vietnam, wao wakauangushia karatasi. Na jengo lenyewe, sikia hii, lilikuwa la chama cha wanaume Wakatoliki. Ofisi ya jeshi ilikuwa imepanga humo.

MWANAIDI: Ebo! Kwa hiyo wamekwenda kuchoma moto nyumbani kwao.

DEO: Uani. Halafu, na hapa ndipo ninapopapenda, hawakukimbia. Walisimama mbele ya moto wakisali Baba Yetu, wakingoja polisi. Polisi wanafika, wanawakuta palepale. Funzo la kwanza: ukivunja sheria kwa dhamiri, simama palepale ukamatwe.

MWANAIDI: Sasa mbona hadithi unaiishia katikati?

DEO: Ndipo inapoishia.

MWANAIDI: Haiishii hapo hata kidogo! Wakahukumiwa, wakakata rufaa, wakashindwa. Aprili 1970 wakatakiwa kwenda kuanza vifungo vyao. Daniel Berrigan hakwenda. Alitoroka!

DEO: Nilikuwa nalifikia.

MWANAIDI: Kwenye karatasi hakuna, naiona hapa. Wasikilizaji, padre mzima, mshairi, anatafutwa na FBI, makachero wa serikali ya Marekani. Siku chache tu baadaye anatokea kwenye mkusanyiko Chuo Kikuu cha Cornell, mbele ya maelfu ya watu, anahutubia. Makachero wamo humohumo. Taa zinazimwa. Kulikuwa na kundi la maigizo lenye vinyago vikubwa kuliko mtu, vya mitume kumi na wawili. Padre anaingia ndani ya mtume mmoja, anatoka nje akitembea, anapanda lori, huyooo.

DEO: Mtume gani, hatujui.

MWANAIDI: Tuombe asiwe Yuda. Akajificha miezi minne, leo nyumba hii, kesho ile, anaandika, anahojiwa, anahubiri. Na alivyokamatwa sasa! Agosti 11, Block Island, kisiwa kidogo upande wa Rhode Island. Makachero wanakuja wamejifanya... mwambie, kaka.

DEO: Watazama ndege.

MWANAIDI: Watazama ndege! Eti wamekuja kisiwani kuangalia ndege!

DEO: Kisiwa kina ndege wengi, usiwacheke.

MWANAIDI: Niwaze tu, mwenye nyumba anawauliza, jamani, mnatafuta ndege gani? Kachero anameza mate. "Eee... mweupe."

DEO: Njiwa! Walikuwa wanatafuta njiwa wa amani, wakampata.

MWANAIDI: Wahenga walisema, ndege mjanja hunaswa na tundu bovu.

DEO: Na kila ndege huruka na bawa lake.

MWANAIDI: Wewe lako lilikupitisha mlango wa nyuma.

DEO: Utalisema mara ngapi?

MWANAIDI: Mpaka tufunge. Na kwa Kiswahili utani huu ni mtamu zaidi. Kuna vita ambayo ndege zinamwaga napalmu usiku na mchana, serikali inatuma watu wakatazame ndege, na wanatazama wale wasio na bomu.

DEO: (anacheka) Hiyo ungeniachia mimi niseme.

MWANAIDI: Chelewa uone. Hata picha yake ya kukamatwa, pingu mkononi, kachero huku, kachero kule, waliokunja uso ni wao. Yeye anatabasamu. Ukiitazama bila maelezo utadhani aliyekamata ni padre.

DEO: Hilo tabasamu ndilo tatizo langu.

MWANAIDI: Tatizo?

DEO: Nasema kwa heshima. Pale Catonsville nguvu yote ilikuwa katika kusimama. Mtu akichoma kitu akakimbia, jirani anaona mhalifu. Akichoma akasimama akisali, jirani analazimika kujiuliza, huyu ana nini? Halafu huyohuyo anakimbia kifungo. Hapo watu hawazungumzii tena Vietnam, wanazungumzia padre amejificha wapi. Kama sisi sasa! Tuko kwenye ndege dakika ngapi?

MWANAIDI: Nyingi. Lakini kukimbia kwake kulikuwa na hoja. Alisema kesi imekwisha na vita inaendelea, kwa nini niwape na mwili wangu? Jela si ibada, Deo. Hukumu ya serikali inayopigana vita unayoiona ni dhambi, kwa nini uitii hiyo wakati sheria yake nyingine umeshaikataa?

DEO: Kwa sababu gharama ndiyo inayotofautisha dhamiri na ukaidi. Mtazame Muhammad Ali. Houston, Aprili 28, 1967, jina likaitwa aingie jeshini, hakupiga hatua mbele. Akasema dini yangu hainiruhusu. Hakukimbilia popote. Wakamnyang'anya mkanda, wakamfungia ulingo, akahukumiwa miaka mitano.

MWANAIDI: Na kwa kesi ile hakulala jela, alikuwa nje kwa dhamana mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikamfutia hatia mwaka 1971. Angekuwa ndani je?

DEO: Angekaa.

MWANAIDI: Hujui. Haya, twende kwenye kitabu chako. Paulo alitokaje Damasko?

DEO: Ah.

MWANAIDI: Alitokaje?

DEO: Kwa kapu. Walimshusha ukutani usiku.

MWANAIDI: Kwa kapu! Hata mlango wa nyuma hakupata. Na Petro, aliyefunguliwa minyororo na malaika, alibaki akingoja hakimu?

DEO: Lakini Paulo huyohuyo, Filipi, yeye na Sila wako gerezani. Tetemeko linapiga, milango yote inafunguka, pingu zinaanguka. Hawakutoka! Mlinzi anataka kujiua akidhani wametoroka, Paulo anampigia kelele, usijidhuru, sote tupo hapa. Mlinzi aliokoka kwa sababu mtu alibaki ndani. Waliomficha Berrigan je? Wenye ile nyumba ya Block Island walifunguliwa mashtaka.

MWANAIDI: Yakafutwa.

DEO: Yalifutwa, ila walishtakiwa. Unapotoroka, kuna mtu anabeba mzigo wako.

MWANAIDI: Walioubeba waliutaka, hakuwavamia. Na mimi kwangu kuhama si aibu. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka walivuka kwenda Habasha kwa mfalme Mkristo. Mtume mwenyewe, salla Allahu alayhi wa sallam, alitoka usiku na Abubakari, wakaingia pango la Thauri. Wanaowasaka wamefika mlangoni kabisa. Na masimulizi tuliyokua nayo yanasema nini kilikuwa mlangoni pale?

DEO: Buibui.

MWANAIDI: Na nani mwingine?

DEO: ...Usiniambie.

MWANAIDI: Njiwa! Kiota cha njiwa! Wasakaji wakaona ndege katulia, wakasema humu hamna mtu, wakaondoka. Kaka, kuna ndege wa kukamatisha na kuna ndege wa kuficha, na kalenda yetu Waislamu inaanzia safari ile.

DEO: Hapo umenishinda kwa ndege, hukunishinda kwa hoja.

MWANAIDI: Ni hoja yenye manyoya.

DEO: Mimi bado nasema angekwenda Aprili. Amesimama, anaingia mwenyewe, kila mtu anaona.

MWANAIDI: Na mimi nasema Jumapili ulitoka mlango wa nyuma, na sasa unamtwisha Berrigan aibu yako.

(kimya)

DEO: Inawezekana.

MWANAIDI: Samahani, kaka.

DEO: Hapana, inawezekana kweli. Yule mzee aliponitazama, ningeweza kubaki nikamwambia kwa nini nilikaa. Sentensi mbili tu. Sikuweza. Lakini mtu aliyekimbia akisema kukimbia si sawa, haimaanishi amekosea.

MWANAIDI: Wala haimaanishi amepatia. Mary Moylan, mmoja wa wale tisa, muuguzi aliyewahi kufanya kazi Uganda, alijificha mpaka mwaka 1979. Miaka tisa! Yule hakuwa na kamera wala tabasamu. Yeye naye utamwambia alikuwa akitafuta kuonekana?

DEO: Yeye simwambii kitu. Sikubaliani naye, lakini simwambii kitu.

MWANAIDI: Basi tuliache hapo, maana ninaonyeshwa vidole kule kiooni. Dakika mbili. Karatasi yako?

DEO: Funzo la pili lilikuwa Abdul Ghaffar Khan na jeshi lake la Wapashtuni wasio na silaha, Peshawar, 1930. La tatu wanawake wa Liberia, Waislamu kwa Wakristo, fulana nyeupe, 2003. Hayo hayaingii kwenye dakika mbili.

MWANAIDI: Wakae wiki ijayo.

DEO: Ila sista Megan Rice acha nimtaje. Mtawa, miaka 82, alifundisha Afrika Magharibi miaka mingi. Julai 2012 yeye na wanaume wawili walikata nyua usiku, wakafika mpaka kwenye jengo la kuhifadhia urani ya mabomu, Oak Ridge, Tennessee. Wakapiga ukuta kwa nyundo kwa sababu ya maneno ya nabii Isaya, watafua panga zao ziwe majembe. Mlinzi alipofika, wakampa mkate.

MWANAIDI: Walikimbia?

DEO: Walibaki. Walikuwa wakiimba.

MWANAIDI: Umeiweka mwisho makusudi ili nisijibu!

DEO: Nilikuwa nayo tu hapa.

MWANAIDI: Miaka 82, kupanda kilima usiku. Huyo magoti yake yalikuwa mazima, si kama bibi yako. Haya, wasikilizaji, mwenye methali ya ndege ambayo hatujaitumia atuandikie. Zilizotumika hatupokei.

DEO: Na sijakubali.

MWANAIDI: Sijakuomba. Deo, unakwenda wapi? Mlango ni huu.

DEO: Najua mlango.