Modemu imetoka ng'ambo? Ipindue kwanza, usiichomeke

Hamjambo, karibuni mezani kwangu hapa Nairobi. Leo nina modemu ya laini ya simu (SIM), ile ya kukaa juu ya kabati, iliyofika ndani ya sanduku la shangazi kutoka Marekani. Mitumba kama hii utaikuta pia Luthuli, ule mtaa wa vifaa vya elektroniki, kwa bei ya kuvutia. Kabla hatujaiwasha, ipindue. Maandishi ya chini yake ni madogo kweli, kwa hivyo washa tochi ya simu.

Anza na adapta. Tafuta palipoandikwa INPUT. Ukiona 100–240V, twende. Ukiona 120V peke yake, iweke kando, maana umeme wetu ni volti 240. Mimi niliwahi kuchomeka moja kwa kile kiplagi cha kubadilishia, nikidhani kinapunguza umeme. Wapi! Kinabadilisha meno tu. Nyumba ilinuka plastiki hadi kesho yake. Ukinunua adapta nyingine, volti za OUTPUT ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi.

Pili, bendi, yaani masafa ya mawimbi ambayo modemu inaweza kuyasikia, na hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Andika namba ya modeli kwenye gugo usome bendi zake za 4G. Safaricom hutumia bendi ya 3, yaani 1800 MHz, na ya 20, yaani 800. Mtandao wa Faiba uko bendi ya 28, yaani 700. Modemu nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani zinategemea 2, 4, 12 au 13. Ukiiweka laini yako humo, unaweza kukaa siku nzima ukitazama taa nyekundu, unabadilisha laini, unanunua bando lingine, na kumbe haina sikio la mtandao wetu. Uliza pia kama imefungwa ikubali laini za kampuni ya huko ilikotoka tu.

Sasa sheria. Kifaa chochote kinachoungwa kwenye mtandao wa simu wa umma hapa Kenya kinapaswa kuwa cha aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Anayeomba idhini huwa ni mtengenezaji au mwagizaji, si wewe, ila una haki ya kumuuliza muuzaji. Usidhani ni urasimu mtupu. Enzi za modemu za simu ya mezani, waya ulibeba volti 48 hivi, na kifaa kibovu kingeweza kurudisha umeme wa nyumbani hadi kwa fundi aliye juu ya nguzo. Hii ya leo haina waya wa simu, lakini inarusha mawimbi, na ikirusha pasipo pake inawavurugia majirani.

Na IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, zile tarakimu 15, ziwe kwenye lebo na zilingane na zinazoonekana ndani ya modemu. Mnaokumbuka mwisho wa Septemba 2012, simu feki zilipozimwa nchi nzima, mnajua namba hiyo si pambo.

Hapo hapo niseme kuhusu buusta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, kwa sababu mnaniuliza sana, hasa nyinyi wa ghorofa za chini. Buusta ya kuokota sokoni, isiyo na idhini, usiifunge. Wewe utapata vijiti vinne, mtaa mzima ukose hata cha kupiga simu. Sogeza modemu dirishani, upande unaotazama mnara. Bure kabisa.

Tuiwashe sasa. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Iweke kwanza kwenye simu, upige *106# uone. Ikiwa ina PIN, iondoe ukiwa bado kwenye simu. Ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kuifungulia, na ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa.

Chomeka laini, washa, ngoja dakika mbili. Unga simu yako kwenye Wi-Fi yake, fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye lebo, kwa mfano 192.168.8.1. Kwenye APN, yaani jina la mlango wa intaneti wa kampuni ya simu, laini ya Safaricom andika safaricom, kwa herufi ndogo. Hifadhi, izime, iwashe tena.

Yangu hiyo, taa imekuwa ya buluu. Badilisha nywila zote mbili, ya Wi-Fi na ya kuingilia mipangilio, kabla watoto wa jirani hawajaanza kufurahia bando lako.