Nyekundu Ikawa Kijani

Walimu, wanafunzi, mabaharia wenzangu, shikamooni na hamjambo.

Nimeombwa niseme kama baharia wa meli za biashara anaridhika na kazi yake. Nitaanza na usingizi. Mshahara najua mtauliza wenyewe.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014 na Tanzania 2019, unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na 77 kwa wiki. Unaweza kuyagawa mafungu mawili tu, na moja lisipungue saa 6.

Haya, njooni melini. Umemaliza zamu saa sita usiku. Saa nane meli inaingia bandarini, unaitwa mbele kusimamia kamba. Kamba hazijakaza vizuri, kontena zinaanza kushushwa. Asubuhi wanapanda wakaguzi, mchana yanapakiwa mafuta na vyakula, magharibi mnang'oa nanga, na saa mbili zamu yako inakungoja. Umelala saa ngapi? Mimi nililala vipande vipande, viatu mguuni.

Baada ya siku kama hiyo ofisa mkuu wangu aliniita kwenye kompyuta. Jedwali la saa za mapumziko lilikuwa limewaka nyekundu, yaani saa hazikutimia. Hakufoka, alisukuma kiti nikae, akasema, "Hii iondoe." Nikapunguza saa mbili za kazi hapa, nikaongeza za kulala pale. Nyekundu ikawa kijani. Nikatia sahihi.

Simlaumu sana. Naye alikuwa hajalala. Meli ile ilikuwa na watu wachache kuliko kazi, na jedwali jekundu lingeweza kuizuia bandarini, kisha ofisi ikamuuliza yeye. Kwa hiyo ukaguzi unakagua karatasi, na karatasi tunaipika wenyewe. Ukisikia baharia amejibu dodoso kwamba ameridhika, kumbuka ni mkono uleule.

Jingine linalomla mtu ni tarehe ya kushuka. Mwaka 2020, wakati wa korona, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini mikataba yao ikiwa imekwisha. Kazi ile ile uliyoivumilia miezi minane, mwezi wa tisa usioujua mwisho wake inakushinda. Hata chakula cha mpishi uliyempenda unakinunia.

Intaneti imesaidia, na tangu Desemba 2024 Mkataba ule wa 2006 unawataka wenye meli kuwawezesha mabaharia kuwasiliana na nyumbani. Ila nayo ina yake. Zamani bomba likipasuka nyumbani ulikuja kulisikia limeshazibwa. Siku hizi unalitazama likimwaga maji, nawe uko katikati ya Bahari ya Hindi, na dakika arobaini zijazo ndizo ulizobakiwa nazo za kulala.

Nadhani niishie hapo, maana kijana wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja mshahara. Karibu, uliza.